Naombeni ushauri: nataka kuirudia Silent Hill 2 na mdogo wangu, ila hadithi yake inagusa msiba wetu

MwanaUjiji:
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma, Mwanga. Suala langu ni la gemu lakini kwangu ni zito, naomba tulijadili kwa upole.

Waliokulia Ujiji wanavikumbuka vibanda vya gemu: unalipa, unapewa padi, ukifa unampisha mwenzio. Wengi walikuwa wa mpira tu. Mimi nilinaswa na Silent Hill 2, ile ya PS2 iliyotoka 2001. Hakuna aliyesoma zile karatasi za Kiingereza. Tulikuwa tunakimbia ndani ya ukungu, redio ikianza kukwaruza tunajua kiumbe kiko karibu, tochi inamulika hatua chache mbele, kibanda kizima kimya.

Nimekuja kuielewa ukubwani, nilipoicheza nikisoma kila kitu. (TAHADHARI: kuanzia hapa natoboa hadithi yote.) James Sunderland anapata barua ya mkewe Mary, ambaye yeye anasema alifariki miaka mitatu iliyopita kwa maradhi. Barua inamwita kwenye mji waliowahi kwenda pamoja. Anafika hoteli ya Lakeview, chumba 312, anaweka mkanda wa video, na hapo ukweli unatoka: ugonjwa haukummaliza Mary, James ndiye aliyemziba pumzi kwa mto. Na ile barua aliyotembea nayo tangu mwanzo, ukiifungua tena mwishoni unakuta karatasi tupu, halafu inatoweka kabisa. Hakuandikiwa na mtu. Mimi hapo nililia, sioni haya kusema.

Sasa mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, yuko nyumbani. Anapenda gemu za kutisha na ananiomba kila siku tucheze hii ninayoisifia. Kiingereza cha gemu kinamshinda kidogo, hivyo nimepanga nimtafsirie papo hapo, kama wanavyofanya madijei wa vibanda umiza kwenye sinema. Tatizo ni kwamba marehemu mama yetu aliugua muda mrefu, na huyu mdogo wangu ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho. Mimi nilikuwa kazini mkoa mwingine.

Nicheze naye au niache? Na kama ndiyo, tutumie PS2 yangu ya zamani (lenzi imeanza kusumbua) au nisubiri nipate ile mpya ya 2024?

FundiWaStesheni:
Pole kwa msiba mkuu. Naanza na mashine, hilo la mama nawaachia wenye hekima zaidi.

Mpya nimeicheza. Ilitoka Oktoba 8, 2024, imetengenezwa na Bloober Team wa Poland, na ni kazi ya heshima. Lakini inataka mashine ya kisasa kama PS5, au kompyuta yenye nguvu, na kamera iko begani kwa James muda wote. Kwenye ya zamani kuna sehemu kamera inakaa pembeni au juu, unasikia kitu kinakuja na hukioni. Woga wa namna ile sijaupata kwingine. Muziki wa Akira Yamaoka pia, kwenye spika mbovu za TV ya chogo, unakukaa kichwani wiki nzima.

Lenzi: fungua, pamba na spiriti safi kidogo, futa taratibu bila kukandamiza, acha ikauke. Isipokubali, lile toleo la zamani la kompyuta lina nyongeza ya bure ya mashabiki inayoitwa Enhanced Edition, wamerekebisha ukungu, sauti na picha, na haihitaji mashine kubwa. Toleo la HD la 2012 liache. Mashabiki walililalamikia sana, hasa namna ukungu ulivyoharibika.

JembeLaGungu:
Mnakuza mambo. Ni gemu tu, mpe padi acheze.

MwanaUjiji:
Mkuu nakuheshimu, lakini kwangu si gemu tu, na kwa huyu kijana haitakuwa gemu tu. Ndiyo maana nimeuliza kabla.

Binti_Isevya:
Kaka yangu, pole sana. Mimi ni muuguzi hapa Tabora, na nimemuuguza pia baba yangu nyumbani, kwa hiyo nasema kwa pande zote mbili.

Wewe unaogopa ule mkanda wa video. Mimi nakwambia mdogo wako atakwama baadaye kidogo kuliko hapo, kwenye ule ukumbi mrefu wa hoteli ambako husikii kitu isipokuwa sauti zao. James kaleta maua. Mary anamfokea, anamwambia aondoke, anasema amekuwa mbaya wa kutazamwa, hataki maua. Kisha sauti inavunjika, anamwomba asimwache. Aliyewahi kulala chini ya kitanda cha mgonjwa hospitalini anayajua maneno hayo. Mgonjwa wa muda mrefu hukasirika, na hasira inamwangukia aliye karibu, yule anayempenda kuliko wote. Na anayeuguza naye kuna siku anachoka mpaka anatamani iishe, halafu anajichukia kwa kutamani hivyo. Hakuna anayemuuliza. Watu msibani wanauliza chakula kimetosha?

Sikwambii uache. Ila usimshtukize. Mkalishe kabla hamjawasha chochote, mwambie hadithi inahusu nini, pamoja na mto. Raha ya kushtuka ataikosa, ndiyo, lakini vitisho vingine vimejaa humo. Kisha yeye ndiye ashike padi, si wewe. Akitaka kusimama, msimame. Na mkifika kwenye ule ukumbi, tafsiri maneno kama yalivyo, usiyapambe.

Na jambo moja la kweli: James aliua. Mdogo wako aliuguza mpaka Mungu alipomchukua mama. Hilo mtamkie kwa mdomo wako, asije akajipima kwa James.

KijanaWaKibirizi:
Dada umemaliza kila kitu. Mimi naongeza ya lore tu, yaani historia iliyofichwa ndani ya gemu, maana ndiyo ugonjwa wangu.

Mwambie asome kila karatasi. Mji wenyewe una historia iliyotawanywa vipande vipande. Kuna gereza la zamani, unalifikia kwa kushuka kupitia jengo la makumbusho ya historia ya mji, na ukutani mwa hayo makumbusho kuna picha ya Pyramid Head, yule kiumbe mwenye kichwa cha piramidi anayemwandama James. Sura yake inatokana na wanyongaji wa zamani wa mji huo. Yule si jini la kila mtu, ni wa James, na mwishoni James mwenyewe anasema alikuwa dhaifu ndiyo maana alihitaji mtu wa kumwadhibu. Angela, mwanamke mwingine anayekutana naye mjini, naye anaona moto kila mahali, anasema kwake ni hivi siku zote. Laura, yule mtoto, anazunguka mitaani bila kuguswa kwa sababu hana kinachomsumbua. Mchoraji wa viumbe ni Masahiro Ito, na kila kiumbe kina maana, si cha kutisha tu.

Halafu ziwa! Kuna maandishi kuhusu meli ya watalii, Little Baroness, iliyotoka siku ya ukungu Novemba 1918 na watu 14, haikurudi bandarini. Sisi watu wa ziwani hiyo inatugusa. Liemba wetu, ile meli ya Ziwa Tanganyika, alizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakamwibua 1924, mpaka leo wazee wana hadithi zake. Mtafsirie hiyo vizuri, ataipenda.

MwanaUjiji:
Nimerudi wakuu. Dada Isevya, nimefanya ulivyosema, jana baada ya isha tulikaa barazani nikamsimulia yote. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwani Mary alimsamehe?" Nikamwambia inategemea unavyocheza. Akasema basi tucheze. Baadaye akaanza kunieleza mambo ya wodini ambayo sikuwahi kuyasikia, tukachelewa kulala.

Lenzi imekubali. Sasa nielekezeni: nataka afike ule mwisho ambao James anaondoka mjini na Laura. Nisifiche kitu, ila ule wa kujizamisha ziwani sitaki awe wa kwanza kuuona.

FundiWaStesheni:
Safi sana mkuu. Gemu inawaangalia mnavyojitunza. Akiumia atumie dawa mapema, asitembee na damu kidogo. Aitazame picha ya Mary na barua mara kwa mara. Kile kisu atakachopewa na Angela asikichunguze hata kidogo, hicho kinavuta kwenye ziwa. Maria, yule mwanamke anayefanana na Mary, asimgande sana, na kwenye ule ukumbi aliosema dada, msikilize mazungumzo mpaka yaishe ndipo mtoke.

Mwanzoni utaulizwa ugumu mara mbili, wa mapigano na wa mafumbo. Weka mapigano mepesi, mafumbo ya kawaida, maana mafumbo ndiyo mtakayobishania usiku kucha. Na hakikisheni memori kadi ina nafasi kabla ya kuanza. Mkikwama kwenye lile la sarafu pale fleti, andika hapa.