Eti "baiskeli tu hiyo"!! Yule mwalimu wa kagari keupe leo kanivuruga

Wana Tanga, nimetoka kujiosha ute wa mayai mpaka masikioni, naandika mkono bado unatetemeka. Yule mwalimu wa udereva mnamjua, wa kagari keupe kenye L iliyofutika, anakaa kiti cha kushoto kama sultani. Asubuhi nipo Ngamiani naenda Mgandini, trei 2 za mayai kwenye keria, nimebana kushoto gurudumu linalamba mtaro, gari lipo nyuma. Mwanafunzi, binti wa watu, alishapunguza mwendo ananisubiri, sina ugomvi naye kabisa. Ndo namsikia mwalimu, dirisha wazi: "Unasubiri nini? Mpigie honi upite, baiskeli tu hiyo."

Baiskeli tu hiyo! Na mimi niliye juu yake ni pampu?

Binti kapiga honi kama meli inaingia bandarini, kapita kioo kimenipapasa kiwiko, mimi na mayai 60 mtaroni. Yamepona 9. Mji huu una baiskeli kuliko minazi, sasa mtu wa lena ukimlisha maneno hayo, akishapata leseni atatufanyaje? Mfundishe aache mita moja na nusu, pakiwa pembamba akae nyuma asubiri, kwani Mgandini inahama? Akipaki aangalie kioo, mlango aufungue kwa mkono wa kushoto ili mwili ugeuke amuone anayekuja nyuma. Yeye anafundisha honi. Na alinitazama machoni kabisa ndo akasema, baiskeli tu hiyo!

Mla Urojo: Pole mkuu ila ute masikioni, ulitangulia kichwa? 😂😂

Kijana wa Donge: Nyie wa baiskeli nanyi, usiku hamna taa hamna rifleta mnaibuka kama majini. Anzeni hapo.

Mwenye uzi: Ilikuwa saa 2 asubuhi! Jua linawaka! Soma uzi, kasema BAISKELI TU HIYO

Mama Pweza: Afadhali hao wa lena. Bodaboda je? Magari yote yamesimama zebra watoto wa shule wanavuka, yeye anachomoka pembeni mbio, jana mwanangu nimemdaka kwa begi. Na kofia ngumu kaivalisha kioo.

Chuda Moja: Bajaji ndo mwisho, indiketa kulia mwenyewe anaingia kushoto

Suka wa Bajaji: Tatizo abiria bhana, kanyamaza toka Chumbageni, tukifika katikati ya barabara ndo anapiga kelele "shusha hapahapa"

Mama Pweza: Tushushwe wapi na wewe redio umefungulia mpaka viti vinacheza?

Mla Urojo: Mwenye uzi hayo 9 unauza?

Suka wa Bajaji: Redio ni yangu mama, na chenji ya mia tano muwe mnakuja nayo