Behike 52 na wiski: ipi iende nayo, Lagavulin au Glenfarclas?

Kaskazi_Dar
Wakuu, habari za jioni. Nina siga moja ya Cuba, Cohiba Behike 52, zawadi kutoka Dubai. Imekuja bila boksi. Ipo kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 69 ndani. Chumbani kiyoyozi kinawashwa usiku tu. Kabatini nina Lagavulin 16 na Glenfarclas 15 (wiski za Uskoti, namba ni miaka ya kukaa pipani) na Woodford Reserve (bourbon, wiski ya Marekani). Ipi iende nayo, na kwa utaratibu gani? Ya pili sidhani kama itapatikana, sitaki kuiharibu hii.

JaniLaNje
Mkuu, wiski baadaye. Kwanza hakikisha ni Behike kweli. Tangu 2022, Habanos (kampuni inayouza siga za Cuba duniani) walipolinganisha bei za Cohiba duniani na soko la Hong Kong, bei imepaa na feki zimezagaa. Chukua rula: 52 ya kweli ina urefu wa milimita 119 na unene wa milimita 20 na nusu hivi (hiyo 52 ni sehemu za 64 za inchi). Kichwani (upande wa mdomo) kuna kishungi kidogo cha jani lililosokotwa. Pete yake ya karatasi ina hologramu, ukiigeuza kwenye mwanga picha inabadilika. Kama ni nukta zilizochapwa tu, una mashaka. Halafu muulize aliyekuletea boksi lilikuwaje. Behike hufungwa 10 kwenye boksi la mbao. Akisema lilikuwa na mfuniko wa kioo, hapo hakuna mjadala, ni feki.

La pili ni joto. Chumba cha Dar mchana bila kiyoyozi kinafika digrii 30, na mayai ya dumuzi wa tumbaku huanza kuanguliwa joto likizidi kama 24. Kagua jani la nje: ukiona vitundu vidogo kama vya pini na unga chini ya kontena, ameshaingia. Kama hakuna, ifunge kwenye mifuko miwili ya zipu, toa hewa, weka friza siku tatu, kisha friji ya kawaida siku moja, ndiyo uitoe nje. Ukiitoa friza moja kwa moja kwenye joto, jani la nje linapasuka.

Hiyo pakiti ya 69 nayo badilisha, weka ya 65 au hata 62, uiache wiki mbili hadi tatu. Siga ya Cuba ikiwa na maji mengi inazimika-zimika, inavutika kwa shida na moshi unakuwa mchungu. Watu wanailaumu tumbaku kumbe ni unyevu.

Mapipa_na_Majani
Nimekubaliana na JaniLaNje. Kwenye chupa, jibu langu ni Glenfarclas 15.

Kinachoifanya Behike iwe Behike ni jani la medio tiempo, yale majani mawili ya juu kabisa ya mmea wa tumbaku unaolimwa juani. Si kila mmea unayatoa, ndiyo maana ni adimu. Yana nguvu, lakini ladha yake ina tabaka: mwerezi, kakao, kahawa, utamu kama wa asali. Lagavulin shayiri yake imekaushwa kwa moshi wa mboji (peat, udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni), kwa hiyo unaweka moshi juu ya moshi na tabaka zote hizo zinafunikwa. Woodford si mbaya, ila bourbon hukaa kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, na ule utamu wa vanila unaitawala nusu ya kwanza ya siga. Glenfarclas imelala kwenye mapipa ya sheri (mvinyo mkali wa Hispania): zabibu kavu, njugu, machungwa. Ina kilevi 46%, inatosha kusimama bila kupiga kelele.

Utaratibu: kula kwanza, chakula cha kushiba. Kata milimita 2 tu kwa kikatio chenye makali pande mbili. Ukishuka chini ya kofia (kipande cha jani kinachofunika kichwa), jani la nje linafumuka. Washa kwa kiberiti cha gesi, si cha petroli. Moto usiguse tumbaku, uzungushe mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Vuta mara moja kwa dakika, moshi ubaki mdomoni, usiushushe mapafuni. Ukienda mbio inapata joto na lami inajikusanya kichwani.

Theluthi ya kwanza ivute na maji matupu. Hapo ndipo unaijua siga yenyewe, kabla pombe haijaganzisha ulimi. Kisha mimina mililita 25 kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, ongeza matone matatu manne ya maji. Onja, meza, subiri sekunde 20, ndipo uvute. Barafu hapana, inaua harufu. Kwa joto la Dar, weka glasi tupu kwenye friji dakika kumi. Wiski ya digrii 30 inanuka spiriti tu.

Na wale wa kuchovya siga kwenye wiski waacheni na sinema zao. Jani linalowa, linavimba, kwisha habari.

Islay_Mombasa
Mapipa, Lagavulin umeionea kidogo. Mwanzoni sawa, itaifunika. Lakini theluthi ya mwisho ya Behike huja na pilipili na ngozi, na hapo mililita 15 za Lagavulin zinakaa vizuri sana. Glenfarclas katikati, Lagavulin mwishoni, na maji katikati yake kusafisha kinywa.

Mapipa_na_Majani
Hiyo naikubali kwa siga ndefu, mfano Behike 56 ya milimita 166. Kwenye 52 theluthi ya mwisho ni fupi, ukibadilisha chupa hujazoea siga imekwisha.

Kaskazi_Dar
Shukrani wakuu. Rula inasema 119, kishungi kipo, pete inabadilika. Vitundu sijaona. Swali la mwisho: ikianza kuungua upande mmoja nifanye nini? Na kizunguzungu?

JaniLaNje
Upande mmoja ukitangulia, mara nyingi ni upepo au uliwasha bila kuzungusha. Kaa pasipo na feni, geuza upande uliochelewa uwe chini, maana moto hula haraka zaidi upande wa chini. Usiporekebika baada ya dakika mbili, gusa sehemu iliyobaki nyuma kwa moto mdogo. Ikianza kuwa chungu, puliza taratibu kupitia siga mara moja kutoa gesi iliyokaa, kisha iache ipumzike.

Kizunguzungu na jasho baridi ni nikotini. Weka siga chini, kunywa soda yenye sukari au lamba kijiko cha asali, usiongeze wiski. Ikibaki kama sentimita 4 na vidole vinahisi joto, iweke kwenye kisahani izime yenyewe. Ukiikandamiza kama sigara chumba kitanuka hadi kesho.