Naombeni ushauri, mdogo wangu anaolewa Gambia

Habari zenu wakuu, mdogo wangu wa kike kapata mchumba Mgambia, kabila lake Mmandinka, walikutana masomoni Uturuki na sasa familia inataka twende Banjul tukaonane na wakwe. Kwa nilivyosoma ni kanchi kembamba kweli kweli, kamefuata mto Gambia kuanzia baharini mpaka ndani huko, pande zote zilizobaki ni Senegal, eneo lake kama kilomita za mraba 11,000 tu, walitawaliwa na Mwingereza mpaka 1965 kwahiyo kiingereza ndo lugha ya serikali, hapo nimepumua. Hela yao dalasi. Waislamu ni wengi sana, sisi pia ni Waislamu so upande huo sina wasiwasi.

Ninachohofia ni mila. Posa kwao inaletwa na kola, zile mbegu chungu za kutafuna, zinagawiwa kwa wazee. Sasa sisi upande wa bibi harusi tunazipokeaje, nani anagawa, na je tubebe zawadi gani kutoka huku ili tusionekane tumedharau? Khanga zitafaa? Halafu kuna wale jali wanaopiga kora yenye nyuzi 21 wakisifia ukoo, nasikia wanatunzwa hela papo hapo, tuandae kiasi gani jamani?

Na kingine mama ana presha, vyakula vyao kama domoda (mchuzi wa karanga) na benachin (wali unaopikwa pamoja na mboga na samaki au nyama kwenye sufuria moja) vina chumvi sana au ataweza?

Aliyewahi kuishi kule au kuoa/kuolewa huko naomba anisaidie, mama hana raha kabisa, anaona mtoto anaenda mbali mno.