Salaita kwa siku moja: vita vya 1916 na mimea ya nyika

NakuruNyikani: Hamjambo. Tuko wanne hapa Nakuru, tuna gari dogo. Tunataka kuona viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia kule Taita Taveta, na mimea ya nyika vilevile. Tupange vipi?

RelinaMizinga: Kwenda na kurudi siku hiyohiyo sahauni, Nakuru hadi Voi ni karibu kilomita 490. Laleni Voi, mtoke saa kumi na mbili asubuhi. Hadi Taveta ni lami, kama kilomita 110. Maktau simameni kidogo: reli ya kijeshi kutoka Voi ilifika hapo 1915, na kuna makaburi ya askari wa Kihindi. Muda wenu uwekeni Salaita, kilima kilicho kabla ya kufika Taveta, mfike kabla ya saa nne.

Msikimbilie kileleni. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilipiga juu ya kilima, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, yamefichwa na vichaka. Askari wa Afrika Kusini, waliokuwa upande wa Waingereza, wakaja wakidhani adui amekwisha kupondwa. Zungukeni chini kwanza, kisha pandeni muone uwanda waliouvuka. Malizieni makaburi ya kijeshi ya Taveta.

Mgunga: Vaeni viatu vya soli nene, mwiba wa mgunga hupenya ndala. Kikwata, aina ya mgunga, ana miiba iliyopinda kama ndoana: akikushika usivute mbele, utachanika. Rudi hatua moja nyuma, uitoe mmojammoja.

Komifora, jamii ya manemane, tazameni gome lake linalobambuka kama karatasi. Chini yake ni kijani, na mti hujitengenezea chakula hapo hata ukiwa hauna jani. Waridi la jangwani hutoa maua ya rangi ya waridi kiangazi, shina limevimba kwa maji. Msilikate: utomvu wake ni sumu, uliwahi kupakwa mishale.

Nendeni Agosti au Septemba. Baada ya mvua nyasi hufunika mahandaki.

NakuruNyikani: Asanteni sana. Maji je?

RelinaMizinga: Lita 4 kila mtu, mbebe kutoka Voi. Jeshi la Waingereza lenyewe lililetewa maji kwa bomba kutoka Bura ya Taita. Baada ya Maktau barabara hupita ndani ya Tsavo Magharibi, kuna ndovu: msishuke garini. Mkiona risasi au ganda lake liacheni lilipo. Huenda risasi bado ni hai, na mahali lilipoangukia ndipo panapoonyesha nani alisimama wapi.