Dipoli ya bendi ya mita 40: SWR imegoma kushuka

Swali: Habari wakuu. Nimefunga antena ya redio ya ridhaa, dipoli (waya mbili zinazolishwa katikati) ya V iliyopinduliwa, hapa Kisasa, Dodoma. Nguzo mita 8, kila upande waya wa umeme wenye plastiki, mita 10.3. Kwenye 7.1 MHz SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) ni 2.6. Nikate?

Jibu: Usikate kwanza mkuu. Pima kwa NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima antena) kuanzia 6.7 MHz, si kwa kurusha na redio, maana chini ya 7.0 si bendi yetu. Bonde la SWR (masafa ambapo iko chini kabisa) likiwa huko chini, waya ni mrefu. Kwa kanuni ya urefu wa dipoli, 143 gawa kwa MHz 7.1 ni mita 20.14, yaani 10.07 kila upande, na ganda la plastiki hudai upungue zaidi. Kunja ncha sentimita 10 kila upande, zisokote kwenye waya wenyewe. Bonde litapanda takriban kHz 70. Rudia.

Jibu: Shika koaksi (kebo ya antena) kwa mkono wakati wa kupima. Namba zikicheza, mkondo unapita nje ya kebo. Kuuzuia, zungusha koaksi ya RG-58 mara 11 kwenye pete ya feraiti FT240-31, pale pale katikati ya dipoli.

Jibu: Leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) na ishara yako ya kituo inayoanza na 5H vitangulie kurusha. Na mvua za Desemba zikianza, chomoa koaksi kabla radi haijakaribia.

Muuliza swali: Bonde liko 6.88. Naanza kukunja. Shukrani sana.