Hilux LN85: nichukue kitabu gani cha matengenezo?

Mkulima_Arua: Wakubwa, shikamooni. Nina Hilux ya zamani, LN85, ninayobebea mihogo kutoka shambani hadi sokoni Arua. Asubuhi inachelewa kuwaka, ingawa nimebadilisha plagi zote nne na kusafisha kabureta. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu, ndiyo maana nimeamua kujifunza mwenyewe. Nimepata vitabu viwili: kimoja cha injini za dizeli za Toyota, kingine kimechapishwa Marekani. Nichukue kipi?

Binti_Busia: Tafuta fundi mwaminifu, kaka. Marehemu baba alinunua kitabu kinene cha lori lake. Lori likafia uani, kitabu kikabaki kipya kabisa.

Mstaafu: Cha Marekani kiache. Huko usukani uko kushoto na pikapu zao nyingi ni za petroli. Chukua cha dizeli, mradi kinaitaja injini ya 2L, yenye ujazo wa cc 2,446.

Mkulima_Arua: Ahsante, mzee. Kusema kweli, cha dizeli nimekwisha kukilipia nusu, shilingi 60,000, kwa hiyo umenituliza.

Fundi_Bombo: Uzi huu umetungwa. Herufi L katika LN ni ya injini za dizeli. Plagi ningemsamehe, kwa kuwa dizeli nayo ina plagi za kupashia joto, lakini hiyo kabureta aliyoisafisha ameitoa wapi?

Binti_Busia: Labda ni ya pikipiki ya jirani.

Mkulima_Arua: Sijatunga. Aliyeniuzia aliing'oa 2L baada ya silinda hedi kupasuka, akaweka injini ya 22R ya petroli kutoka Kisekka, lile soko la vipuri la Kampala. Sikulitaja hilo kwa sababu kadi ya gari bado inasoma dizeli. Hata hivyo breki na usukani ni vilevile, kwa hiyo kitabu nilichokilipia si hasara.

Mstaafu: Kadi irekebishwe kwanza, kijana! Ukisimamishwa barabarani utamwonyesha askari kitabu?

Fundi_Bombo: Ikiwa ni kweli, basi kile cha Marekani tulichokukataza ndicho kinachoifaa injini yako, kwa kuwa 22R iliuzwa sana huko, sura ya usukani iruke tu. Anza na choki, kile kifaa cha kabureta kinachopunguza hewa injini ikiwa ya baridi, halafu sikiliza mbele ya injini ikiwa ya baridi. 2L ina mkanda wa taimingi, unaooanisha vali na pistoni, 22R ina cheni kwa kazi hiyohiyo, na zile reli za plastiki zinazoiongoza zikivunjika, cheni hulegea na kulisaga kava hadi maji yaingie kwenye oili. Hilo hutalikuta katika kitabu cha dizeli, hata ukilipa nusu iliyobaki.

Mkulima_Arua: Choki sijaigusa. Sauti ya kukwaruza ipo kila asubuhi kwa sekunde chache, lakini niliambiwa ni kawaida ya gari kuukuu. Muuzaji anasema harudishi pesa, ila atakubali kubadilishana vitabu nikimwongeza 20,000.

Fundi_Bombo: Mwongeze. Kisha weka hapa picha ya namba iliyogongwa kwenye bloku, kwa maana bado sijakuamini.