Tupeane uzoefu: Maji, radi au upepo vilipokukuta nyumbani hapa Kigoma, ulibeba nini kwanza?

Mchikichi wa Kibirizi

Habari zenu wakuu. Jioni hii wingu limetanda upande wa Kongo, lile jeusi ambalo ukiliona unaanua dagaa hata kama hawajakauka. Mke wangu kasimama mlangoni akilitazama, hakusema neno. Akaingia chumbani, akatoka na ndoo yenye mfuniko tunayowekea vyeti. Nikajua naye kakumbuka 2024, ziwa lilipopanda.

Waliokuwa hapa Kibirizi, ufukweni, wanajua. Ziwa Tanganyika halikuja kwa kishindo. Nilikuwa nachomeka kijiti mchangani kila Jumapili. Leo kiko nchi kavu, Jumapili inayofuata kiko ndani ya maji. Nikawa najiambia litarudi tu. Vichanja vya kuanikia vikaenda, banda likaenda, mpaka asubuhi moja choo cha shimo kikajaa hadi juu na uchafu ukaanza kuelea uani. Hapo ndipo nilipohama, maana kipindupindu nakijua. Nilibeba nyavu na injini kwanza. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilibaki chini ya godoro, nilivikuta vimekuwa uji. Kuvipata upya kumenila miezi na nauli isiyohesabika.

Kila mmoja aseme lake. Ulibeba nini, ulisahau nini, na sasa unaweka nini tayari?

Mjukuu wa Ujiji

Umesema kweli kuhusu choo. Watu wanaangalia maji ya sebuleni, wanasahau kisima kiko hatua chache kutoka kwenye shimo. Chemsha maji, au weka dawa, hata kama yanaonekana masafi.

Nyota ya Buhigwe

Huku milimani hatuna shida ya ziwa, shida yetu ni radi. Mwaka jana ilipiga mbuzi wanne wa shemeji yangu waliojikusanya chini ya mwembe, wote kwa mpigo mmoja, na mwembe ukachanika gome toka juu mpaka chini. Mimi ngurumo ikianza tu nafunika kioo kwa kanga, nachomoa chaja, watoto wote kitandani. Bibi alitufundisha hivyo na hatujawahi kupigwa.

Mama Watatu

Huwa nasoma tu bila kuchangia, lakini hiyo ndoo ya vyeti imenigusa. Mtanisamehe kwa urefu.

Sisi tuko upande wa bonde la mto Luiche. Nyumba ya tofali mbichi, vyumba viwili, jiko la nje. Baba watoto alikuwa ziwani, lilikuwa giza na dagaa walikuwa wanapatikana. Mvua ilianza saa mbili usiku. Kwenye saa saba nikasikia sufuria zinagongana, nikadhani paka. Nikashusha mguu kitandani, maji yakanifika kwenye kifundo.

Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano, wa miaka mitatu na wa miaka saba. Chumba cha pili alilala bibi yao, mama mkwe wangu. Nilipofungua mlango maji yakaingia kwa nguvu mpaka magotini. Mdogo nikamlaza kwenye beseni la kufulia, nikamfunika kanga. Wa kati nikambeba mgongoni. Mkubwa nikamwambia shika beseni upande huo, usiachie hata ukijikwaa. Bibi akasema, "Tangulieni." Nikajua anafuata nyuma.

Simu inaisha chaji, nitarudi.

Mjukuu wa Ujiji

Dada usituache hapo. Bibi alitoka?

Baba Jeni Kasulu

Naweka kambi hapa.

Mpima Viwanja

Poleni sana dada, na namwombea bibi. Lakini tuambizane ukweli. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa mto au ziwa. Watu wanajenga bondeni, mvua zikija tunaanza kulia.

Mchikichi wa Kibirizi

Mkuu, nyumba ya baba yangu ni ya kabla ya sheria hiyo, na kutoka mlangoni mpaka majini ulikuwa unatembea jua likakuchoma. Sisi hatukulifuata ziwa. Limetufuata lenyewe.

Mpima Viwanja

Sawa, wewe nimekuelewa. Na wa bonde la Luiche je?

Baba Jeni Kasulu

Mwache dada wa watu amalize! Mtu anasimulia alivyookoa wanawe, wewe unamtolea futi kamba.

Mzee wa Gungu

Wanangu tulieni. Ziwa hili lina tabia zake. Nilikuwa kijana mdogo lilipopanda ile 1964, na wazee wetu walihama vilevile. Sababu ni kwamba linapokea Malagarasi, Ruzizi na vijito visivyo na idadi, ila mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie, upande wa Kongo, nao hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo likijaa haliwezi kushuka kwa wiki moja, linachukua misimu. Hatari ninayoiona ni likishuka. Vijana watauziwa viwanja palepale lilipofika 2024, na anayeuza anajua. Kabla hujatoa hela, mwulize jirani mzee maji yalifika wapi, akuonyeshe kwa mkono.

Mama Watatu

Nimerudi. Kaka wa mita 60, shamba la mpunga liko bondeni, ndilo linalosomesha. Kiwanja cha mlimani kikipatikana kwa bei yetu, kesho nahama.

Tulifika kwa jirani mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, msingi mrefu. Nageuka, bibi hayupo. Nikaacha watoto, nikarudi na kijana wa jirani tumeshikana kwa kamba ya mbuzi. Sasa maji yalikuwa kiunoni. Jiko lilianguka tukiliangalia. Tofali mbichi zikishakunywa maji hazipigi kelele, ukuta unakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Bibi tulimkuta juu ya kitanda, kakunja miguu, amekumbatia debe lenye mfuniko. Nilimfokea. Mungu anisamehe, sikuwahi kumfokea kabla. Nilidhani ni hela. Akasema neno moja, "Mbegu." Kijana akambeba yeye, debe nikajitwika mimi. Hatukufika mbali, ukuta wa chumba chake ukalala.

Tulipoteza magunia mawili ya mahindi, kuku wote, madaftari, kadi za kliniki na kitambulisho changu. Maji yalipokauka mtaa mzima ulikuwa unahangaika na mbegu za maharage, na sokoni zilikuwa hazishikiki. Bibi akakaa kwenye kigoda, akapima kwa kopo. Kila nyumba kopo mbili, hata wale waliokuwa hawasalimiani naye.

Nyota ya Buhigwe

Nimelia. Mpe bibi shikamoo yangu.

Mpima Viwanja

Dada, nimesoma yote. Nisamehe kwa haraka yangu ya mwanzo.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Narudi kwa dada wa Buhigwe, maana radi inatumalizia watu. Januari 2025 kule Bukombe, Geita, iliua wanafunzi wakiwa darasani. Kioo hakiiti radi. Kinachokuponza ni kujikinga chini ya mti, kusimama mlangoni, kuegemea ukuta wenye waya wa sola au wa antena, na kubaki shambani na jembe begani. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa karibu, acha kila kitu ingia ndani. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Na hili naliomba sana: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Nimeona watu wamemzunguka kijana wa watu wanaogopa kumgusa. Mshike. Kama hapumui, mkandamize kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, huku mwingine akitafuta usafiri.

Nyota ya Buhigwe

Asante mwalimu. Kioo nitaendelea kukifunika kwa heshima ya bibi, na waya wa sola nitausogeza kesho.

Mjukuu wa Ujiji

Mbona hakuna aliyetaja tetemeko? Jumatatu 5 Desemba 2005, saa tisa alasiri na dakika kadhaa. Nilikuwa napanga mawese dukani kwa mjomba, madumu yakaanza kutembea yenyewe. Kitovu kilikuwa ziwani humu humu, kipimo 6.8, na ng'ambo kule Kalemie watu walifariki. Tuko juu ya Bonde la Ufa, litarudi tu siku moja. Likija, usikimbie, ingia chini ya meza imara.

Baba Jeni Kasulu

Kwenye nyumba ya tofali mbichi meza itakufaa nini? Kama uko karibu na mlango, toka uende uwanjani, mbali na kuta.

Mjukuu wa Ujiji

Kwenye mtikisiko mkali hata hatua tatu hupigi. Mimi nilianguka mara mbili kabla ya kufika mlangoni.

Fundi Kenchi

Mimi napaua nyumba, niwaambie la upepo. Mawe juu ya bati acheni, upepo mkali unayageuza silaha. Kenchi zifungwe kwa waya unaoshuka ndani ya ukuta tofali kadhaa, wakati wa kujenga. Misumari ya bati usibanie, hasa pembeni, maana bati huanza kufunuka kwenye kona. Na nyumba ya tofali mbichi wapeni paa linalotokeza nje vizuri, pamoja na mfereji wa kutoa maji. Kuta nyingi zinaangukia chini, pale matone yanaporukia kila siku.

Mchikichi wa Kibirizi

Nashukuru wote. Ndani ya ndoo yangu kuna vyeti kwenye mfuko wa nailoni, kadi za kliniki, tochi, kiberiti, dawa ya maji na hela kidogo ya chenji. Picha za vyeti nimemtumia mdogo wangu Tabora. Watoto wanajua tukipotezana tunakutana msikitini juu, si nyumbani. Namba ya zimamoto, 114, nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango, maana simu ikizima hata namba ya kaka yako huikumbuki. Leo naongeza mbegu.

Dada Mama Watatu, maharage ya bibi ni aina gani? Yangu yamepekechwa.

Mama Watatu

Nimemsomea mwenyewe. Anasema ni yale ya njano, anayachanganya na majivu ndiyo maana hayapekechwi. Na anasema uje na kopo.